Macheo ziwani: picha za uchumba mpige Entebbe, Kalangala au Ggaba?

Wachumba wanaonipigia simu huwa wameshamaliza mambo mengi. Nguo zimeshashonwa, rangi zimeshapatana, na kwenye simu kuna picha waliyoipenda: watu wawili mchangani, jua linachomoza nyuma yao, maji yanang'aa. Linalobaki ni mahali. Twende Entebbe, tuvuke hadi Kalangala, au tumalizie Ggaba kabla ya foleni ya Kampala kuanza?

Nimepiga picha za macheo kote huko, na ushauri wangu ni kwamba swali la kwanza liwe mtalala wapi usiku wa kuamkia siku hiyo. Uzuri wa mchanga uje baadaye. Mwanga wa alfajiri hapa Uganda ni mfupi mno. Mnaofika robo saa baada ya jua kutoka mmeshakosa zile picha zilizowaamsha usiku.

Mwanga wa ikweta haungoji

Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, upande wa kaskazini, na mji wa Kalangala uko kusini yake kidogo. Huku jua linachomoza na kupanda wima, wala halipandi kwa mshazari kama Ulaya. Kila dakika 4 linapanda digrii 1. Dakika 24 baada ya kuchungulia liko digrii 6 juu ya maji, na rangi ya dhahabu imeanza kuondoka. Ikifika dakika ya 40 mwanga umekuwa mweupe, wachumba wanakunja macho, na jasho linaanza kuharibu poda.

Kabla ya jua nako ni hivyohivyo. Ule mwanga wa buluu na waridi unaotosha kupiga picha bila taa huchukua dakika 20 na kitu tu. London mwezi Juni huchukua zaidi ya dakika 45. Kwa hiyo mashauri ya wapiga picha wa Ulaya kuhusu "saa ya dhahabu" yasomwe kwa tahadhari. Sisi tuna nusu saa ya dhahabu, na kabla yake dakika ishirini za rangi laini. Hiyo ndiyo bajeti yetu yote.

Saa ya kuchomoza inasogea kidogo katika mwaka, ingawa urefu wa mchana wetu karibu haubadiliki. Mwanzoni mwa Novemba jua hutoka Entebbe karibu saa 12:30 asubuhi, na katikati ya Februari karibu saa 1:00. Nusu saa hiyo ni kubwa kwa mpambaji anayetakiwa kuanza kazi saa kumi usiku.

Mahali linapochomoza hubadilika zaidi, na hapa ndipo wengi huumia. Machi na Septemba jua hutoka mashariki kamili. Juni linasogea digrii 23 hivi kuelekea kaskazini, na Desemba digrii zilezile kuelekea kusini. Ziwa Victoria kwa upande wetu limejaa rasi, ghuba na visiwa, kwa hiyo ufuo ambao Desemba unaona jua likitoka majini unaweza, Juni, kuliona likitoka nyuma ya kilima chenye miti. Mwezi wa picha mliyoiona kwenye simu ni muhimu sawa na jina la ufukwe. Nendeni jioni ya siku iliyotangulia mkiwa na dira ya simu, msimame palepale mtakaposimama asubuhi, mtazame nini kiko upande huo.

Kwa ndugu zetu wa pwani ya Mombasa na Unguja niongeze jambo moja: ziwa halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Hakuna haja ya kutafuta ratiba ya maji. Lakini kina cha ziwa hupanda na kushuka kwa miaka. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na fukwe nyingi za Entebbe na za visiwa vya Ssese, kwenye Kalangala, zikamezwa. Usiamini picha ya zamani ya mchanga mpana. Omba hoteli wakutumie picha ya wiki hii.

Entebbe

Entebbe ni rasi, na kwa mpiga picha hilo ndilo jambo la kukumbuka. Upande wa mashariki una ufuo wa Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1898, pamoja na fukwe za hoteli za jirani. Huko ndiko kwa macheo. Upande wa magharibi, kwenye bandari ya Nakiwogo, ni wa machweo. Ukikodi ufukwe wa magharibi kwa kazi ya asubuhi, jua litatokea nyuma ya nyumba na migomba, na maji mliyoyafuata yatakuwa ya kijivu.

Nguvu ya Entebbe ni ukaribu wa watu. Kutoka Kampala ni kilomita 40 hivi, na barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018 inachukua shilingi 5,000 kwa gari dogo. Msusi, mpambaji, dada anayefunga vizuri gomesi, lile gauni la heshima la Uganda lenye mshipi, rafiki mwenye gari la kubadilishia nguo, wote wanafikika. Kalangala watu hao unawabeba, unawalisha na unawalaza.

Ila ukaribu huo unadanganya. Wachumba husema, "Tutatoka Kampala alfajiri." Hebu tuhesabu kurudi nyuma. Jua linatoka saa 12:45. Picha za kwanza ni saa 12:25, wakati wa rangi laini. Kupaka na kusuka huchukua saa moja na nusu au mbili, na kuvaa gomesi kwa utulivu ni robo saa nyingine. Mpambaji anatakiwa kuwa na brashi mkononi saa 10:30 usiku. Mnaotoka Kampala mtaamka saa nane, na macho yenu yatasema hivyo kwenye kila picha. Laleni Entebbe. Chumba cha wageni cha kawaida kilicho dakika tano kutoka majini kinafaa kuliko hoteli ya kifahari iliyo Kampala.

Halafu kuna geti. Bustani ya Mimea na fukwe nyingi za Entebbe zina walinzi na saa za kufungua, na jua halizijui saa hizo. Patana na uongozi mapema, uliza ada ya kamera ya kazi, na upate jina la mlinzi wa zamu ya usiku. Nimeshuhudia kundi zima limesimama nje ya geti limevaa vizuri huku anga likigeuka waridi juu ya ukuta. Mkishaingia Bustanini mmepata kitu ambacho fukwe tupu hazina: jua likishakuwa kali, mnatembea hatua chache mpaka chini ya miti mikubwa ambayo mbega wanarukaruka juu yake, na mnaendelea na kazi kwenye kivuli chenye mwanga laini.

Ncha ya rasi kuna mwalo wa Kigungu, mahali walipotua wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padre Lourdel na Bruda Amans, tarehe 17 Februari 1879. Wachumba Wakatoliki hupapenda kwa sababu hiyo, nami napapenda kwa sababu ya mitumbwi. Rangi zake zilizochujuka, kamba na nyavu huipa picha uhai ambao ufukwe wa hoteli hauna. Lakini mwalo ni mahali pa kazi. Mukene, yaani dagaa, huanikwa hapo na harufu yake haifichiki. Gomesi ya hariri ikigusa wavu wenye magamba imekwisha. Na mwalo una wenyewe. Mzee mmoja mvuvi alinieleza vizuri pale, huku akiendelea kukunja wavu: "Mwanangu, kamera yako nzuri, lakini mwone kwanza mwenyekiti." Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, jitambulishe, eleza ni picha za uchumba, toa kitu kidogo kwa heshima. Mwaka 2017 pia wanajeshi waliletwa kulinda uvuvi kwenye mialo ya ziwa hili, na huenda ukawakuta. Hapo Kiswahili kinafanya kazi kubwa: "Habari ya asubuhi, afande, tunaomba ruhusa ya nusu saa," kabla ya kutoa kamera kwenye begi, humaliza mazungumzo yote.

Droni Entebbe isahau, isipokuwa una vibali vyote mkononi. Kiwanja cha ndege kiko palepale na Ikulu iko palepale. Kamera yenyewe usiielekeze kwenye majengo ya serikali wala kwenye ndege za jeshi, hata kama mwanga ni mzuri namna gani.

Kalangala

Buggala ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese, na mji wa Kalangala uko juu yake. Chini ya mji kuna ghuba ya Lutoboka, mchanga mweupe kiasi, msitu ukishuka karibu hadi majini, na hoteli zimejipanga kando ya ufuo. Hapa unalala hatua chache kutoka mahali pa kupigia picha. Binti anapakwa poda chumbani, anatoka na kandambili, anavua, anasimama. Hakuna gari, hakuna geti la kuamsha, hakuna anayeuliza foleni iko wapi. Dakika ishirini za rangi laini mnazipata zote. Kwangu hilo linaishinda Entebbe kwa mbali, na sijataja bado ukimya wa ziwa asubuhi ile.

Kufika ndiko kazi. Kuna njia mbili. MV Kalangala, kwa ratiba yake ya kawaida, huondoka Nakiwogo saa nane mchana na kufika Lutoboka baada ya saa tatu na nusu hivi, kisha hurudi kesho yake saa mbili asubuhi. Ulizeni kwanza, kwani kuna nyakati huenda kwenye matengenezo. Njia ya pili ni Masaka hadi Bukakata, halafu kivuko cha bure hadi Luuku, kisha barabara ya kisiwani. Hii ndiyo njia ya wenye gari na mizigo ya nguo.

Tazama ile saa mbili asubuhi. Jua limetoka saa 12:45, kivuko kinaondoka saa 2:00. Wachumba wengi hupanga usiku mmoja: wafike jioni, wapige picha asubuhi, wakimbilie kivuko. Inawezekana, ila mawingu yakiwepo hamna asubuhi ya pili, na nusu saa ya mwisho kila mtu anatazama saa badala ya kumtazama mwenzake. Kalangala ilipiwe usiku mbili. Wasioweza usiku mbili ni afadhali waende Entebbe na walale huko, na fedha iliyobaki waongezee albamu.

Kisiwani kuna jambo jingine ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi. Sehemu kubwa ya Buggala sasa ni mashamba ya michikichi. Wengine wanasikitikia msitu uliokatwa, na wana haki. Kwa picha lakini, safu zile ndefu asubuhi, mwanga ukipenya pembeni na umande bado uko kwenye majani, ni mahali pazuri pa kuhamia baada ya ufukwe. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba.

Mtu akikwambia mtoke na mtumbwi kidogo ili picha iwe majini, sharti ni moja: kila mtu jaketi la kuokolea, hata kama linaficha gomesi. Livuliwe mkiwa kwenye maji ya magotini, mtumbwi umefungwa. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mpatta, Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ziwa hili si la kufanyia mzaha kwa ajili ya picha.

Mvua, wadudu na maji yenyewe

Kwa mvua, Entebbe na Kalangala ni ndugu. Nchi kavu kama Kampala ngurumo nyingi huja mchana na jioni. Ziwani ni kinyume: usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini kutoka pande zote, hewa yenye unyevu inakutana katikati ya ziwa na kupanda, na dhoruba zinajengeka saa za usiku wa manane hadi asubuhi. Upepo wa mashariki unazisukuma magharibi, kwetu. Ndiyo maana unaweza kulala Entebbe chini ya nyota na kuamka saa kumi na moja kwa radi. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hatari ni kubwa zaidi. Miezi ya kuchagua ni Juni, Julai, na Desemba hadi Februari, ingawa Januari na Februari kuna ukungu wa moshi na vumbi unaolifanya jua kuwa duara jekundu lisilo na miale. Wengine hulipenda hivyo. Mimi nalipenda kwa picha za kivuli cheusi, nalichukia kwa nyuso.

Upepo huohuo wa usiku una neema yake: ukitoka nchi kavu, maji ya karibu na ufuo hulala. Macheo maji ni bapa, na unapata taswira ya wachumba ndani yake. Alasiri upepo unageuka, mawimbi yanakuja, taswira inavunjika.

Wadudu ni wale vijidudu vya ziwani ambavyo wenyeji huviita sami. Haviumi. Vinapanda juu ya ziwa kama moshi mweusi, na wavuvi huvihusisha na mwezi mwandamo. Vikija ufukweni alfajiri vinafuata taa, kwa hiyo taa ya kumwangazia binti wakati wa kupambwa iwekwe chumbani na mlango ufungwe. Mafuta ya kung'arisha midomo navyo havipatani kabisa.

Kuhusu maji, nitasema wazi. Ile picha ya wachumba wakitembea majini miguu mitupu ndiyo picha ninayoombwa kuliko zote, na Ziwa Victoria lina kichocho. Minyoo yake huingia kwenye ngozi, na hupatikana zaidi penye maji yaliyotulia na majani, maana konokono wanaoibeba hukaa huko. Kama picha hiyo ni lazima, iwe penye mchanga mtupu mbali na matete, iwe ya muda mfupi, na mjifute kwa taulo papo hapo. Kisha wiki kadhaa baadaye mwende kupimwa. Mara nyingi nawashawishi watembee kwenye mchanga uliolowa tu. Kamera ikiwa chini, hakuna anayejua kama maji yamefika kwenye kifundo au la.

Ggaba na Munyonyo

Ziko Kampala, kwenye ukingo wa magharibi wa ghuba ya Murchison, kwa hiyo zinatazama mashariki. Hilo ni zuri. Jua halitoki majini. Linatoka juu ya vilima vya ng'ambo, yaani linachelewa kidogo na mnapata dakika chache zaidi za kujipanga. Maji mara nyingi ni ya kijani kwa mwani, na magugu maji huja na kuondoka kwa upepo. Ggaba yenyewe ni soko na mwalo, ina kelele tangu usiku. Munyonyo kuna hoteli zenye bustani safi na gharama zake. Nawapeleka huko wachumba ambao lazima wawe kazini saa tatu, au ambao mama mkwe anataka kuona kwa macho yake na hawezi kusafiri. Usipeleke huko mtu anayeota mchanga mweupe.

Bunyonyi, na kwa nini si Ziwa Albert

Kuna wanaoniuliza Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda. Hakuna ufukwe wa mchanga wa kusema, ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala, baridi ya asubuhi inatetemesha kwani ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua linatoka dakika kumi baada ya Entebbe, kisha linangoja kupanda juu ya vilima. Lakini ukungu unapolala katikati ya visiwa vyake 29, na wachumba wamekaa kwenye mtumbwi wa gogo, picha hiyo haipatikani popote kwenye Ziwa Victoria. Ni chaguo la wenye siku nyingi na nguo nzito. Mushanana, vazi la kujitanda begani, wa binti wa Kigezi unakaa mahali pake pale kuliko gomesi.

Ziwa Albert upande wa Uganda linatazama magharibi, Congo. Asubuhi jua linatokea nyuma ya genge la Bonde la Ufa. Nendeni huko jioni.

Nguo nyeupe, ngozi nyeusi, jua mgongoni

Hapa niseme na wapiga picha wenzangu, na wachumba wasikilize kwa sababu linahusu nguo wanazochagua. Kanzu nyeupe na uso mweusi mbele ya jua ni mtihani mgumu kuliko yote ya alfajiri. Ukifungua kamera kwa ajili ya uso, kanzu inageuka karatasi tupu. Ukipima kanzu, uso unapotea. Kuna njia mbili, na kila moja ina mahali pake.

Rifleka, yaani kitambaa au ubao wa kurudisha mwanga, ni rahisi na haina betri, lakini inahitaji jua. Kabla ya saa 12:45 haina kazi. Jua likishatoka na liko chini nyuma ya wachumba, rifleka nyeupe inawarudishia dhahabu ileile usoni, rangi inakubaliana, macho hayakunjwi. Ile ya fedha inawaumiza macho. Lutoboka, penye nafasi na msaidizi asiyekimbizwa, natumia rifleka.

Flashi inafanya kazi tangu gizani. Weka kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa mbele yake, la sivyo nyuso zitakuwa za samawati mbele ya anga la dhahabu. Kwenye kamera nyingi flashi ya kawaida inaishia kasi ya shata 1/200 au 1/250. Jua likishaingia kwenye fremu na lenzi imefunguliwa sana, utahitaji flashi inayoweza kasi ya juu zaidi. Kwenye mwalo wenye watu na muda wa nusu saa, natumia flashi.

Rangi ya mwanga iweke mwenyewe, karibu Kelvini 5,500. Ukiiachia kamera ijichagulie itafuta dhahabu yote mliyoifuata. Piga faili ghafi (RAW). Na kamera isilale kwenye chumba chenye kiyoyozi: ukitoka nayo kwenye hewa ya ziwa yenye joto na unyevu, lenzi inajaa ukungu, nayo huchukua dakika zilezile ambazo huna. Ifungue nje nusu saa kabla.

Kwa wachumba: kijana akiweza kuvaa kanzu ya rangi ya krimu badala ya nyeupe ya theluji, amenisaidia sana. Gomesi ya rangi kali, bluu ya kina au kijani, inasimama vizuri mbele ya anga la waridi. Ya waridi inamezwa nalo. Binti wa Kinubi aliyevaa gurbaba, vazi lao la kujifunga, asimame pembeni kidogo ya jua badala ya mbele yake, ili mikunjo ya kitambaa ionekane. Na kwa Waislamu wa Bombo na Entebbe wanaoniuliza kuhusu swala, ratiba haigongani: alfajiri inaingia zaidi ya saa moja kabla ya jua, mnaswali kwa nafasi, mnakuja.

Macheo au machweo?

Baadhi ya wachumba nawashauri waache asubuhi kabisa. Jioni mwanga unatoka mkali kwenda laini, kwa hiyo dakika za mwanzo, ambapo watu bado ni wagumu mbele ya kamera, zinapotea bila hasara, na dhahabu inakuja wakati wameshazoeana na lenzi. Asubuhi ni kinyume: dhahabu inakuja kwanza, wakati bado wana aibu. Binti asiyependa kuamka, kijana anayefanya kazi usiku, wachumba ambao hawajawahi kupigwa picha pamoja, hao wapige jioni Nakiwogo, na wavumilie muziki wa fukwe na mawimbi.

Asubuhi inawafaa wanaotaka maji yaliyolala na mchanga usio na nyayo wala watu. Mwenye usiku mbili na moyo wa kusafiri aende Kalangala. Mwenye usiku mmoja alale Entebbe upande wa mashariki. Mwenye asubuhi moja tu aende Munyonyo.

Na mkishachagua, kabla ya kulipa chochote, pigieni hoteli simu muulize geti la ufukweni linafunguliwa saa ngapi, na nani atakuwa na ufunguo saa kumi na moja alfajiri. Wakijibu kwamba ufukwe unafunguliwa saa moja, tafuteni hoteli nyingine.